Bodi mama za AM5 kwa kompyuta ya gemu: lipia milango, usilipie jina

Chukua prosesa, RAM na kadi ya michoro kutoka kwenye bodi ya kawaida ya B650, uzihamishie kwenye bodi kubwa ya X870E. Majina hayo ni ya chipseti, chipu ya bodi inayosimamia milango, na bodi zote mbili zina soketi ya AM5 inayoshika prosesa za Ryzen za AMD. Gemu hazitaona tofauti. Fremu zitapanda au kushuka kwa kiasi kidogo kinachopotea ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo. Kazi ya bodi ni kuamua nini kitachomekwa, vingapi kwa wakati mmoja, na kipi kitazimika ukichomeka kingine. Kwa hiyo mapitio haya hayana grafu za fremu. Yanaangalia kila daraja la bodi za AM5 linakupa nini, linakunyima nini, na wapi jina la kwenye boksi linakudanganya.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kwanza kwamba bodi ndiyo inayokuzuia. Mwenye bodi ya AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, hata B450 au X470 ya mwaka 2018, anaweza kusasisha BIOS (programu ya ndani ya bodi) na kuweka Ryzen 7 5700X3D au 5800X3D, prosesa ambazo bado zinaendesha gemu vizuri sana. Tangu mwaka 2022 hata chipseti za mfululizo wa 300 ziliruhusiwa kupokea Ryzen 5000, ilimradi mtengenezaji wa bodi ametoa BIOS yake. RAM ya DDR4 inabaki, na pesa zilizobaki zinaingia kwenye kadi ya michoro, mahali zinapoonekana. Vilevile aliye na bodi ya Intel ya soketi ya LGA1700 na prosesa ya kizazi cha 12 anaweza kupanda hadi kizazi cha 14 bila kugusa bodi. Yeye tu asipuuze BIOS: prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti lililozichakaza, na Intel ililishughulikia kwa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa yanayokuja na BIOS) za mwaka 2024, 0x129 na kisha 0x12B. Weka BIOS yenye 0x12B au ya baadaye kabla prosesa hiyo haijaingia kwenye soketi.

Ukishaamua kuhama AM4, jua kwamba unanunua vitu vitatu: bodi, prosesa na RAM. AM5 haipokei DDR4 kabisa, inatumia DDR5 tu. Vijiti vya DDR4 na DDR5 vyote vina pini 288 na vinafanana kwa macho, lakini pengo la kwenye ukingo halilingani. Kijiti kikigoma kuingia, kitoe ukisome lebo.

Kwa nini AM5 na si LGA1851 ya Intel? Prosesa zake, Core Ultra 200S za Oktoba 2024, ni nzuri kwa kazi, lakini kwenye gemu zinaachwa nyuma na Ryzen zenye X3D, yaani zenye akiba (cache) kubwa ya ndani. Halafu AM5, iliyoanza mwaka 2022, imepokea Ryzen 7000, 8000 na 9000 kwenye soketi ileile, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Bodi unayonunua leo ina uwezekano mkubwa wa kubeba prosesa nyingine baadaye.

Herufi na namba za chipseti

Kwenye A620, slotu ya kadi ya michoro ni PCIe 4.0 (PCIe ni njia za data, na namba ikiwa kubwa kasi ni zaidi) na hakuna kupandisha kasi ya prosesa kwa mkono, lakini RAM inaweza kupandishwa. Tatizo lake haliko kwenye chipseti. Liko kwenye bodi zenyewe, ambazo nyingi hutengenezwa kwa saketi dhaifu ya umeme, na baadhi huorodhesha prosesa za wati 65 tu. Ukiweka Ryzen 5 ya wati 65 hapo hakuna shida. Ukipanga Ryzen 9, pita.

B650 ndiyo daraja la kati, na kwa mtu wa gemu ndiyo daraja lenye akili. B650E ina hakikisho la PCIe 5.0 kwenye slotu ya kadi. B650 bila E haina hakikisho hilo. B850 ni ndugu yake mpya: slotu ya kadi ya angalau PCIe 4.0, slotu moja ya M.2 (ya diski za SSD) ya PCIe 5.0, na ruhusa ya kupandisha kasi ya prosesa na RAM.

Sasa mtego: B840. Jina linakaa kama punguzo dogo la B850, tofauti ya namba moja tu. Kwa kweli iko karibu zaidi na A620. Slotu ya kadi ni PCIe 4.0, M.2 ya prosesa ni PCIe 4.0, njia zinazotoka kwenye chipseti ni PCIe 3.0, na prosesa haipandishwi kasi. Si bodi mbaya kwa anayejua anachonunua. Lakini ikiuzwa karibu na bei ya B850, iache dukani.

X870 nayo ina ujanja wake. Inakupa USB4 (mlango wa USB wa kasi kubwa) na PCIe 5.0 kwenye kadi kwa lazima, jambo zuri kwa anayezihitaji. Lakini X870 bila E ina chipu moja tu, chipu ya daraja lile la B650, yenye njia 8 za PCIe 4.0 na 4 za PCIe 3.0. X670E ya kizazi kilichopita ina chipu mbili, na njia zake ni 12 za PCIe 4.0 na 8 za PCIe 3.0. Kwa hiyo mtu mwenye diski nyingi akihama X670E kwenda X870 kwa sababu namba imekua, amenunua upungufu. Mrithi wa kweli wa X670E ni X870E.

Njia za PCIe, mahali pesa zinapopotea

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo wa bodi kabla ya kununua, soma ukurasa unaoonyesha mgawanyo wa njia. Kila mtengenezaji huuweka mtandaoni kama PDF, bure. Ukurasa huo ndio unaotofautisha bodi mbili zenye boksi linalofanana.

Prosesa za Ryzen 7000 na 9000 za mezani zina njia 28 za PCIe 5.0. Nne zinaenda kwenye chipseti, zinabaki 24. Kumi na sita ni za kadi ya michoro, nne za M.2 ya kwanza, na nne za mwisho mtengenezaji anazitumia apendavyo. Kwenye B650 na B850 nyingi zinakuwa M.2 ya pili. Kwenye bodi za X870, kidhibiti cha USB4 nacho kinataka njia nne kutoka kwenye prosesa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Baadhi ya bodi huigawa M.2 ya pili na USB4: ukichomeka diski, ama USB4 inapungua, ama inabidi uizime kwenye BIOS. Nyingine humega njia za kadi ya michoro, kadi ikashuka kutoka njia 16 hadi 8 mara tu unapoweka SSD kwenye slotu fulani.

Je, kushuka hadi njia 8 kunaumiza? Inategemea kizazi na kadi. PCIe 3.0 ya njia 16 inapitisha takriban gigabaiti 16 kwa sekunde kila upande, 4.0 takriban 32, na 5.0 takriban 64. Kadi ya PCIe 5.0 ikibaki na njia 8 kwenye slotu ya 5.0 ina upana sawa na 4.0 ya njia 16, na hakuna gemu inayolalamika. Kadi ya 4.0 ikibaki na njia 8 hupoteza asilimia chache tu. Kadi kama RTX 4060 na RX 7600 zimetengenezwa na njia 8 tangu mwanzo, kwa hiyo zenyewe hazina cha kupoteza hapo. Shida ya kweli huja pale kadi ya njia 8 yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu inapochomekwa kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3.0. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data inaanza kupita kwenda RAM ya kompyuta kupitia njia hizo chache, na gemu inaanza kukwamakwama ingawa wastani wa fremu unaonekana mzuri.

Ushauri wetu hapa hauna maringo: diski kuu iwe kwenye M.2 ya kwanza, ile iliyo kati ya prosesa na kadi. Inaenda moja kwa moja kwenye prosesa, kwa kawaida ndiyo yenye kipoza kikubwa, na haigusi njia za kadi. Diski ya pili iende kwenye slotu inayotoka kwenye chipseti, hata kama ni PCIe 4.0 tu. Gemu za leo hazifunguki haraka kwa kiasi cha kuonekana kwenye SSD ya 5.0, na SSD za 5.0 zinachemka zaidi. Kulipia X870E ili upate M.2 ya 5.0 ya pili kwa ajili ya kuhifadhi gemu ni kutupa pesa.

Angalia pia nafasi ya kimwili. Kadi nyingi za sasa zina unene wa slotu tatu au zaidi, na zinafunika kila kilicho chini yake. Mwenye kadi ya kunasa video au ya sauti ahesabu kutoka slotu ya kwanza kwenda chini, aone kama itabaki moja iliyo wazi.

Umeme wa prosesa

Maandishi ya 12+2+1 au 16+2+2 kwenye boksi ndiyo yanayouza bodi, na ndiyo yenye faida ndogo kuliko yote kwa mchezaji. Namba ya kwanza ni hatua za umeme za viini, ya pili ni za SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM), na mara nyingi hatua hizo zimeunganishwa mbilimbili, kwa hiyo 16 si awamu 16 za kweli.

Piga hesabu mwenyewe. Kikomo cha wati kwa prosesa za AM5 ni takriban mara 1.35 ya TDP, kiwango cha wati kinachotajwa na AMD: TDP ya wati 65 inafika 88, ya 120 inafika 162, na ya 170 inafika 230. Ryzen 7 7800X3D na 9800X3D ziko kwenye kundi la 162, na ndani ya gemu huwa chini sana ya hapo. Wati 162 kwa volti 1.2 ni takriban ampea 135. Bodi ya kawaida yenye hatua 8 za ampea 50 ina ampea 400 kwenye karatasi. Akiba ipo tele.

Kinachostahili kuangaliwa ni chuma cha kupoza kilicho juu ya saketi hiyo. Kiwe kipande kizito chenye mapezi, kisiwe bamba la urembo. Ukitumia kipoza cha maji hili ni muhimu zaidi, kwa sababu hakuna feni inayopuliza juu ya soketi tena; chuma dhaifu kitategemea feni za kasha peke yake. Kwa Ryzen 9 ya wati 230 inayofanya kazi nzito kwa masaa, hapo ndipo hatua nyingi na chuma kikubwa vinapolipa.

Kiunganishi kimoja cha pini 8 cha umeme wa prosesa kinatosha kwa prosesa za gemu. Cha pili, pale kilipo, kinaweza kubaki wazi. Ila usichanganye: waya wa prosesa hugawanyika 4+4, wa kadi ya michoro 6+2. Zinafanana umbo lakini mpangilio wa chanya na hasi ni kinyume.

RAM: vijiti viwili, basi

Bodi nyingi zina slotu nne za RAM, na watu hushawishika kuzijaza. Kwenye AM5 usifanye hivyo. Kasi rasmi ya Ryzen 7000 kwa vijiti viwili ni DDR5-5200, kwa vinne inashuka hadi 3600. Ryzen 9000 ni 5600 kwa viwili na vilevile 3600 kwa vinne. Watu hufanikiwa kupita hapo, lakini ukishajaza slotu nne uko kwenye bahati ya prosesa yako na subira yako. Ukihitaji gigabaiti 64, nunua 2×32.

Lengo zuri ni DDR5-6000 yenye CL30 (kipimo cha muda wa kusubiri wa RAM) na wasifu wa EXPO, mpangilio wa kasi ya RAM unaowashwa kwenye BIOS. Kwa prosesa zenye X3D hata RAM ya polepole kidogo haiumizi sana, kwa sababu akiba kubwa ya ndani ya prosesa inabeba mzigo. Vijiti viwili vinaingia slotu ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zinazoandikwa A2 na B2. Ukiviweka kwenye A1 na B1 bodi inaweza kuwaka, lakini 6000 itakusumbua.

Mara ya kwanza kuwasha, bodi inajifunza RAM yenyewe na skrini inabaki nyeusi kwa dakika kadhaa, hasa vijiti vikiwa vikubwa. Taa ya DRAM itakuwa inawaka. Hiyo ni kawaida. Makosa makubwa hufanyika hapa: mtu anazima umeme baada ya sekunde 40, anawasha tena, kazi inaanza upya, na baada ya mara tatu anatangaza bodi imekufa. Iache dakika 10 hadi 15 kabla ya kushuku chochote.

Kuhusu EXPO na usalama: mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua kwa sababu bodi zilipandisha volti ya SoC kupita kiasi EXPO ilipowashwa. AMD iliweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS. Bodi ya AM5 iliyotumika, au iliyokaa dukani tangu mwanzo, isasishe kabla ya kuwasha EXPO.

BIOS bila prosesa

Kwa maoni yetu hiki ndicho kitu kimoja kinachostahili kulipiwa zaidi kuliko taa na Wi-Fi: kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Bodi ya B650 iliyotoka kiwandani kabla ya Ryzen 9000 haitaitambua prosesa hiyo, na bila kitufe utahitaji kuazima prosesa ya zamani. Utaratibu ni huu. Pakua BIOS ya modeli kamili ya bodi yako, pamoja na namba ya toleo iliyochapishwa kwenye bodi yenyewe. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32. Ndogo ya gigabaiti 32 au chini ndiyo isiyosumbua. Badilisha jina la faili kama mwongozo unavyosema, herufi kwa herufi, maana hapa ndipo wengi wanakosea na taa inapepesa mara chache kisha inazima. Chomeka flashi kwenye mlango wa USB uliowekewa alama, unganisha umeme wa pini 24 na wa pini 8, bonyeza kitufe mpaka taa ianze kupepesa, kisha ondoa mkono. Ngoja taa izime yenyewe. Umeme ukikatika katikati, rudia. Mfumo huu hauhitaji BIOS iliyo hai ili ufanye kazi.

Vitu vidogo vinavyokera baadaye

Kasha lenye USB-C mbele linahitaji kiunganishi chake maalumu kwenye bodi, na bodi nyingi za bei ya chini hazina. Taa za ARGB za pini 3 ni volti 5, za RGB za pini 4 ni volti 12. Ukilazimisha ya kwanza kwenye ya pili, taa zinaungua papo hapo. Chipu ya sauti ya ALC897 inatosha kwa spika za kawaida. Mwenye hedifoni nzuri anunue kifaa cha sauti cha USB badala ya kupanda daraja la bodi. Kwa upande wa Windows, Wi-Fi 7 yenyewe inafanya kazi kwenye Windows 11 tu. Na antena za Wi-Fi zisibaki ndani ya boksi, kwa sababu bila hizo mawimbi huwa hafifu hata kama ruta iko chumba kilekile.

Ukubwa: ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX 244 kwa 244, Mini-ITX 170 kwa 170. Micro-ATX ya B650 au B850 ndiyo tunayoipendekeza kwanza kwa kompyuta yenye kadi moja na diski mbili. Unachopoteza ni slotu ambazo kadi nene ingezifunika hata hivyo.

Siku ya kubadili

Kabla ya kufungua kasha, unganisha leseni ya Windows na akaunti ya Microsoft na uhifadhi ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Windows 11 mara nyingi husimba diski bila kukuuliza, na prosesa mpya ina TPM mpya (sehemu ya usalama inayotunza funguo). Diski itaomba ufunguo huo. Leseni iliyokuja na kompyuta ya kiwandani kwa kawaida haihami na bodi mpya, ya rejareja inahama. Diski ya zamani iliyopangwa kwa MBR, mpangilio wa kale, haitawaka kwenye bodi iliyozimwa CSM (hali ya kuwasha mifumo ya zamani). Igeuze kuwa GPT, mpangilio mpya, kwa zana ya Windows iitwayo MBR2GPT, au bora zaidi sakinisha Windows upya. Secure Boot (ukaguzi wa usalama mfumo unapowaka) iwashwe mapema pia, kwani gemu ya Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila Secure Boot na TPM 2.0.

Unapong'oa kipoza kwenye AM4, ipashe prosesa moto kwanza kwa gemu ya dakika kumi, zima, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inatoka na kipoza ikiwa imekunja pini. Kipoza hicho kinaweza kuhamia AM5 iwapo kinatumia bamba la nyuma la asili la bodi. Kama kilikuja na bamba lake, muulize mtengenezaji vifungio vya AM5, kwa sababu bamba la AM5 ni sehemu ya soketi na haliondolewi.

Ndani ya kasha, hesabu nguzo za shaba zinazobeba bodi. ATX inatumia tisa, na nguzo ya ziada inayogusa mgongo wa bodi mahali pasipo tundu huleta shoti. Prosesa zenye herufi F hazina michoro ya ndani, kwa hiyo mlango wa HDMI wa bodi hautaonyesha kitu. Usiutumie kama kipimo cha uzima.

Kwenye AM5 pini ziko kwenye soketi, 1718. Ziangalie kwa mwanga wa pembeni kabla ya kuweka prosesa, na uzipige picha zikiwa nzima. Pini moja iliyolala inaweza kuonekana kama RAM mbovu, chaneli moja ikipotea na nyingine ikifanya kazi. Kifuniko cha plastiki kikichomoka unapofunga mkono wa soketi kihifadhi kwenye boksi, maana ukidai dhamana bodi hutakiwa kurudi ikiwa nacho.